Zamu ya Kuandika Diskini: Tumtazame Anayesubiri

Nakili faili la GB 2 kwenda kwenye flashi ya zamani, ukitumia kompyuta ya Linux yenye RAM ya GB 16. Mara nyingi mstari unaoonyesha kazi imefikia wapi utakimbia hadi asilimia 100 ndani ya muda mfupi. Ukitaka kuichomoa flashi, utaambiwa bado inatumika. Ikiwa inaandika MB 10 kwa sekunde, utakaa hapo zaidi ya dakika tatu ukiitazama taa yake ikimetameta. Faili lenyewe liko kwenye RAM. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, imeahidi kulifikisha, na programu iliyolinakili ikaichukua ahadi hiyo kuwa kazi imekwisha.

Mjadala wote kuhusu nani apewe zamu kwanza diskini umeanzia kwenye ahadi hiyo. Programu inapoandika, kerneli hunakili data kwenye kurasa za kumbukumbu, yaani vipande vya RAM, huzitia alama kwamba bado hazijafika diskini, kisha huiacha programu iendelee na mambo yake. Kusoma si hivyo. Programu ikiomba data ambayo haimo kwenye kumbukumbu, hulazwa mpaka diski ijibu. Kutokana na tofauti hii ikazaliwa kanuni ambayo waandishi wa kerneli wameifuata kwa sura mbalimbali: anayesoma apite, anayeandika angoje. Wapo wanaoitetea hadi leo, na wapo wanaosema imetuponza. Mimi niliwahi kuwa upande wa utetezi bila kusita, kwa hiyo nianze na hoja zao.

Kanuni hiyo imeandikwa waziwazi kwa namba ndani ya mratibu wa foleni (sehemu ya kerneli inayopanga zamu za maombi ya diski) anayeitwa deadline, ambaye siku hizi yumo kwenye kerneli kwa jina la mq-deadline. Ombi la kusoma limewekewa milisekunde 500. La kuandika limewekewa sekunde 5, yaani mara kumi. Maombi hupelekwa kwa makundi, kwa kawaida hadi 16 kwa kundi, na kusoma kunaweza kutangulia mara mbili kabla ya kuandika kupewa nafasi. Muda huo wenyewe ni lengo tu. Hakuna anayekuhakikishia kwamba ombi lako litakuwa limekamilika sekunde ya tano ikigonga.

Kwenye diski ngumu za kuzunguka, upendeleo huu ulikuwa na sababu nzito. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inahitaji milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja. Kwa wastani utasubiri nusu ya mzunguko, ukiongeza muda wa kichwa kusogea hadi kwenye njia yake. Ukipiga hesabu, unapata maombi kama 100 kwa sekunde yakiwa yametawanyika. Maombi 1,000 ya kuandika yakitangulia, msomaji mmoja anasubiri sekunde kumi. Tena msomaji haombi mara moja akaondoka. Anafungua saraka, anasoma jina la faili, kisha anajua faili liko wapi, kisha analisoma. Kila hatua inategemea jibu la ile iliyotangulia, hivyo akicheleweshwa mara tano, ucheleweshaji wote unajumlishwa kwake peke yake. Mwaka 2001 Sitaram Iyer na Peter Druschel wa Chuo Kikuu cha Rice walionyesha jambo ambalo bado linanivutia: kuna nyakati ambapo ni faida kuiacha diski ikae bure kidogo baada ya kusoma, ikimngojea msomaji yuleyule alete ombi lake linalofuata, kuliko kukimbilia kazi ya mwingine iliyo mbali. Wazo hilo liliingia Linux, na likawa ndilo chaguo la kawaida katika matoleo ya mwanzo ya kerneli 2.6.

Watetezi wana hoja ya pili, na hii huwa inasahaulika. Kuchelewesha kuandika hupunguza kazi yenyewe. Faili la muda linaloundwa na kufutwa ndani ya sekunde kumi huenda lisiguse diski kabisa, kwa sababu kwa kawaida Linux huiacha data ikae hadi sekunde 30 kabla ya kuiona imezeeka. Ukurasa ulioandikwa upya mara hamsini utaandikwa diskini mara moja. Maombi ya maeneo jirani huunganishwa yakawa moja. Kwenye SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka na ambayo huchakaa kwa kuandikwa, hiyo si faida ndogo.

Sasa upande wa pili. Kuna kuandika ambako mtu amesimama mlangoni akingoja. Hifadhidata ikipokea muamala, huandika rekodi ya muamala huo, huita fsync (wito wa kuitaka kerneli ifikishe data diskini sasa hivi), na haiwezi kumjibu mteja mpaka diski ithibitishe. Kwa mtazamo wa mteja, huko ni kusubiri kama kusoma kulivyo. Lakini kati ya maombi ya daraja moja la kipaumbele, mq-deadline anatazama mwelekeo tu: unasoma au unaandika? Akishaona ni kuandika, ombi hilo la KB chache analipanga pamoja na mafuriko ya data ya chelezo (nakala ya akiba) ambayo hakuna anayeyasubiri. CFQ, aliyekuwa mratibu wa kawaida tangu toleo la 2.6.18 la mwaka 2006 na kuondolewa katika 5.0 mwaka 2019, alilitambua hili. Kuandika kunakosubiriwa alikuweka fungu moja na kusoma. BFQ, mratibu aliyeingia katika toleo la 4.12 mwaka 2017, anafuata mkondo huohuo. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba wataalamu hawakuliona tatizo. Waliliona, wakalitatua, na katika kurahisisha waratibu wa vifaa vya kasi tukaacha sehemu ya suluhisho nyuma.

Gumu zaidi ni mifumo ya faili. Mfumo wa faili wenye daftari la mabadiliko, kama ext3 au ext4, hukusanya mabadiliko ya programu nyingi kwenye muamala mmoja. Ukiita fsync kwa faili lako dogo, muamala mzima lazima ukamilike. Mwaka 2008 Firefox 3 ilipotoka, ikiita fsync mara kwa mara kwa ajili ya hifadhidata zake ndogo, watumiaji wa ext3 waliona kivinjari kikiganda kila kazi nyingine ilipokuwa ikiandika kwa wingi. Katika hali yake ya kawaida, ext3 ilitaka data ya mafaili mengine yaliyokuwa ndani ya muamala huo ifike diskini kwanza. Ext4 ilipunguza adha hiyo kwa kuchelewesha kugawa nafasi ya data, lakini muamala wa pamoja umebaki. Matokeo yake ni kwamba kazi uliyoishusha daraja inaweza kumshika mateka yule uliyempandisha. Kadiri unavyomchelewesha mnyonge, ndivyo mkubwa anavyosubiri kwa muda mrefu zaidi.

Wengi hukimbilia ionice, amri ya Linux ya kuipa programu daraja la kipaumbele diskini. Nimewahi kukaa na seva ambayo kazi yake ya chelezo ya usiku ilikuwa imewekwa daraja la chini kabisa, lile la kufanya kazi diski ikiwa haina shughuli. Hata hivyo, kila usiku saa ileile hifadhidata iliyokuwa kwenye mashine hiyo ilisuasua. Tulitafuta kosa kwenye hifadhidata kwa siku kadhaa. Daraja lile lilikuwa likifanya kazi wakati chelezo ikisoma. Ilipoandika kwa njia ya kawaida, data iliingia kwenye RAM, na aliyeipeleka diskini baadaye alikuwa mtumishi wa kerneli, ambaye hakuwa na habari na daraja tulilolipanga. Mwongozo wa kerneli unasema wazi kwamba vipaumbele hivyo ni vya kusoma na vya kuandika kunakosubiriwa. Sisi hatukuusoma. Tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015, cgroup v2, utaratibu wa kerneli wa kupanga programu kwa makundi, inaweza kuandika deni la kurasa hizo kwa kundi linalohusika, na hiyo ni hatua kubwa. Bado hesabu hufanywa kwa faili zima, kwa hiyo makundi mawili yakiandika faili moja, deni huishia kwa mmoja.

Ndiyo sababu siku hizi naona kubishania mpangilio wa foleni kunatupotezea nguvu. Kifaa chenyewe kina foleni yake. Diski iliyounganishwa kwa SATA hupokea hadi maombi 32 kwa pamoja, na NVMe, kiwango kipya zaidi cha kuunganisha SSD, kinaruhusu maelfu ya foleni, kila moja ikiwa na maelfu ya maombi. Ombi likishaingia humo, kerneli haina tena sauti juu yake, na ndani ya SSD kipande cha kumbukumbu kinachoandikwa au kufutwa humfanya msomaji wake angoje. Kinachobaki mikononi mwetu ni idadi: tuingize maombi mangapi ya kuandika kwa wakati mmoja. Jens Axboe, aliyetuandikia deadline na CFQ, alichukua njia hiyo katika toleo la 4.10 mwaka 2017. Kerneli hupima kusoma kunachukua muda gani, na kukizidi milisekunde 2 kwenye SSD au 75 kwenye diski ya kuzunguka, hubana mlango wa kuandika. Kusipokuwa na wasomaji, mlango hufunguka. Kuandika kunakosubiriwa huachiwa nafasi kubwa kuliko kule kwa nyuma ya pazia, na hilo ndilo linalonifanya niiamini njia hii.

Haina maana kwamba haina gharama. Kwenye seva ambayo wasomaji hawakatiki usiku na mchana, mlango wa kuandika unaweza kubaki umebanwa kwa saa nyingi. Data hulimbikizana kwenye RAM. Ikikaribia kikomo, ambacho kwa kawaida ni asilimia 20 ya kumbukumbu inayoweza kutumika, kerneli huanza kuzilaza programu zinazoandika, zikiwa katikati ya wito ambao waandishi wake walidhani haulazi mtu. Kusubiri hakukuondoka, kumehamia mahali ambapo ni vigumu zaidi kukugundua. Wanaopinga njia hii wana haki ya kulisema hilo kwa sauti.

Jibu langu kwao ni kwamba kosa hapo liko kwenye kikomo. Asilimia 10 ya kuanza kuipeleka data diskini na asilimia 20 ya kulaza programu zilikuwa kiasi cha haki RAM ilipokuwa ndogo; kwenye seva ya GB 256 zinaruhusu deni la makumi ya GB. Kerneli inakubali kikomo cha baiti badala ya asilimia, na hilo ningelibadilisha kabla ya kugusa mratibu yeyote. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ilifanya jambo la aina hiyo kwa upande wake: toleo la 14 la mwaka 2021 lilipandisha kipimo cha kutawanya uandishi wa kila kituo cha ukaguzi (checkpoint, pale inapopeleka diskini mabadiliko yaliyokusanyika) kutoka 0.5 hadi 0.9, ili data imiminike polepole badala ya kuja kwa kishindo.

Na flashi ile ya mwanzo? Weka kikomo cha MB 100 kwa data inayosubiri kwenye RAM, kisha nakili tena. Mstari utatembea pole pole kwa dakika zilezile tatu na ushee, na ukifika mwisho itabaki kama sekunde kumi tu ya kusubiri kabla ya kuichomoa.