Tumpende propu: Mtawarira na vijana wa miraba minne wa Mombasa

Nitasema moja kwa moja. Kenya haitaingia Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 15 mpaka tujifunze kumpenda propu. Na sisi wa Mombasa, ambao raga kubwa tunayoiona kwa macho ni ile ya Driftwood pale Mombasa Sports Club, wachezaji saba kila upande, tuna kazi zaidi ya wenzetu. Tumezoea kushangilia mwenye mbio. Mwenye shingo nene hatumjui hata jina.

Kwa msiofuatilia sana: propu ni wale wawili wanaovaa jezi namba 1 na namba 3. Kwenye skramu, watu wanane wa timu moja hushikana na kuwasukuma wanane wa timu nyingine, na propu ndio wanaokutana na adui bega kwa bega, wakimshika katikati yao namba 2. Wa namba 1 kichwa chake upande mmoja kiko huru. Wa namba 3 amebanwa kichwa katikati ya wapinzani wawili, na uzito wa karibu skramu nzima unapita mgongoni mwake. Refa anatoa amri tatu, ya kuchutama, ya kushikana na ya kuingia, kisha yanayotokea mle ndani ni wachache uwanjani wanaoyaelewa. Mtazamaji anaona rundo la watu. Skramu ikishinda, mpira unatoka nyuma, unapigwa pasi mbili tatu, winga anakimbia, anafunga trai, yaani anaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na kamera inamfuata winga.

Ndiyo maana nataka tumzungumzie Tendai Mtawarira, propu wa zamani wa Afrika Kusini.

Alizaliwa Harare mwaka 1985, akasomea Zimbabwe, na akahamia Durban akiwa kijana kujiunga na klabu ya Sharks. Alipofika hakuwa propu. Alikuwa mchezaji wa safu ya nyuma ya mafowadi, wale wanaobeba mpira, wanaokimbia na kukaba. Kocha Dick Muir ndiye aliyemwambia asogee mbele, awe propu wa kushoto. Hebu jiweke mahali pake. Umevuka mpaka, umekuja kutafuta maisha, unajua unachokiweza, halafu unaambiwa kazi yako sasa ni kuinama na kusukuma. Vijana wengi ninaowajua hapa wangefunga mkoba jioni hiyohiyo. Yeye alibaki, akajifunza upya kuanzia miguu.

Juni 2008 akavaa jezi ya Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wales. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2009, timu ya British and Irish Lions, mchanganyiko wa wachezaji bora wa Uingereza, Wales, Scotland na Ireland, ikaja Durban. Mbele yake, namba 3 wa Lions, alikuwa Phil Vickery, Mwingereza aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 2003. Mtawarira alikuwa na miaka 23. Skramu ya kwanza ikaenda mbele, ya pili ikaenda mbele, refa akawa anapuliza filimbi na kunyoosha mkono upande wa Afrika Kusini. Mapema kipindi cha pili Vickery akatolewa. Springboks wakashinda 26 kwa 21, na mchezaji bora wa mechi akawa propu. Propu! Siku hiyo wapenzi wa raga waligundua kwamba mtu anaweza kuamua mechi ya kimataifa bila kukimbia hatua kumi na mpira mkononi.

Baada ya hapo mambo hayakuwa mteremko. Mwaka 2010 ikazuka hoja huko serikalini kwamba mwenye pasipoti ya Zimbabwe hafai kuichezea Afrika Kusini, mpaka alipopewa uraia mwaka huohuo. Moyo nao ulimsumbua, ukipiga mbio bila mpangilio, akalazwa na kutibiwa, akarudi uwanjani. Walikuja makocha wapya, wakaja propu vijana wenye nguvu mpya, na bado kila mara jina lake lilikuwa kwenye orodha.

Alipostaafu alikuwa amecheza mechi 117 za kimataifa. Katika Springboks wote waliomtangulia, ni Victor Matfield na Bryan Habana tu waliokuwa mbele yake kwa idadi. Na katika mechi hizo zote 117, trai alizofunga ni mbili. Mbili tu! Hata hivyo, kila alipogusa mpira uwanja mzima ulikuwa unaunguruma jina lake la utani, Beast, kwa sauti ndefu ya pamoja, Durban, Cape Town na hata ugenini. Mashabiki wa Afrika Kusini walikuwa wamefundishwa kuona. Walijua penalti iliyopigwa dakika ya 30 ilizaliwa kwenye bega la nani.

Fainali ya Kombe la Dunia ya 2019 kule Yokohama, Afrika Kusini na Uingereza, ndiyo ninayowaonyesha vijana kila ninapopata simu yenye bando la kutosha. Uingereza walimpoteza propu wao Kyle Sinckler dakika za mwanzo kabisa, baada ya kugongana na mwenzake, na Dan Cole akalazimika kuingia na kubaki humo karibu mechi nzima. Aliyekutana naye kwenye skramu alikuwa Mtawarira, miaka 34. Tazameni miguu yake, si mabega. Visigino viko nyuma ya nyonga, magoti yamekunjwa kidogo, mgongo umelala kama meza, na mpira ukishaingia hatua zake ni fupifupi, za sentimita chache, lakini hazirudi nyuma. Mwingereza anainuliwa mpaka kifua kinafunguka. Refa anapuliza. Handré Pollard anapiga penalti, pointi tatu. Zinakuja nyingine, na nyingine. Pollard alifunga penalti sita siku hiyo, na si chache zilitoka kwenye skramu. Trai za Makazole Mapimpi na Cheslin Kolbe zilikuja mwishoni, Waingereza wakiwa wamekwisha pumzi. Matokeo 32 kwa 12. Ukimuuliza mtu wa kawaida anakumbuka nini, atakutajia Kolbe alivyompiga chenga mtu pale pembeni. Mimi nakumbuka visigino vya mzee wa miaka 34.

Sasa turudi nyumbani.

Sisi ni nchi ya Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba. Aprili 2016 tuliwafunga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore, na sherehe zile sitaki mtu azivunjie heshima, ni zetu na tulistahili. Collins Injera, aliyeichezea Shujaa, ni fahari ya taifa. Lakini kwenye raga ya wachezaji saba skramu ina watu watatu kila upande na inakwisha kabla hujapepesa jicho. Mchezo huo hauhitaji propu wa kilo 115, na kwa kuwa pesa, safari za nje na Olimpiki viko huko, kila kijana mwenye akili anajifunza kukimbia.

Gharama yake tuliilipa Marseille, Novemba 2018. Simba, timu yetu ya taifa ya wachezaji 15, ilikwenda kuitafuta nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia, lile ambalo Mtawarira alilitwaa. Kanada walitufunga 65 kwa 19, Ujerumani 43 kwa 6, Hong Kong 42 kwa 17. Mwaka 2022, fainali ya Afrika kule Ufaransa, Namibia 36, Kenya sufuri. Siwalaumu hata kidogo wale wachezaji, walivuja jasho na damu. Najua pia kwamba kulikuwa na matatizo mengine ya maandalizi na fedha. Lakini timu isiyo na uhakika wa skramu yake huanza kila shambulio ikirudi kinyumenyume. Na kwa wale wanaosema Mwafrika hana mwili wa kazi hiyo, Zimbabwe, nchi aliyozaliwa Mtawarira, iliichapa Namibia 30 kwa 28 Julai 2025 na kupata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 kule Australia. Mara ya mwisho Zimbabwe kufika huko ilikuwa 1991. Wakati wao wanafunga mizigo, sisi hatujawahi kufika hata mara moja.

Kuna jambo moja la Mombasa ambalo sijasikia watu wakilisema. Hewa yetu ina unyevu. Mchana wa Machi, nusu saa baada ya mazoezi kuanza, mpira unateleza kama samaki. Mtu anadaka, unamponyoka kwenda mbele, refa anapuliza: skramu. Dakika mbili, umeponyoka tena: skramu. Hakuna mahali Kenya hii panapohitaji watu wa skramu kuliko pwani. Na ugumu wake ni wa peke yake, kwa sababu propu anatakiwa kumshika mpinzani kwenye jezi, na jezi zote mbili zimelowa chapachapa. Mkono ukiteleza bega linaanguka, bega likianguka skramu nzima inakuja chini, na walio mbele ndio wanaokula nyasi. Nimemwona kijana mmoja, kuli wa bandarini, akijifuta viganja kwenye soksi kabla ya kila skramu, kimyakimya, kila mara. Hakuna aliyemfundisha. Aligundua mwenyewe kwamba soksi ndiyo nguo pekee iliyobaki kavu kidogo.

Kijana huyo ana mwili ambao makocha wa Durban wangeuvukia bahari. Anacheza namba gani? Anabadilishwa kila wiki, anawekwa pale penye pengo. Msimu wa wachezaji saba ukifika anakaa benchi, kwa sababu hana kasi, halafu wanashangaa kwa nini haonekani mazoezini. Mtawarira angeletwa kwetu akiwa na miaka 20, nina hofu tungempa chupa za maji abebe.

Najua sababu ambazo watu hutoa. Ya kwanza ni chakula, na hiyo ni ya kweli. Propu anajengwa kwa sahani. Mama mwenye watoto watano Kisauni au Changamwe hawezi kumpa mmoja mayai sita na nyama kila siku wengine wakimtazama. Kijana anafanya mazoezi jioni, anakula viazi karai vya barabarani, analala. Misuli itatoka wapi? Klabu na kampuni zinazotoa jezi na mabango yenye nembo zao zingefanya la maana zaidi kama zingelipia mlo wa mchana wa vijana wanane wa mbele. Maharagwe, samaki, wali wa kutosha. Si mradi mkubwa.

Ya pili ni shingo, na hapa nawaunga mkono kina mama wanaokataa. Skramu ni hatari kwa asiyefundishwa. Kisheria kabisa, timu ikikosa watu waliofunzwa safu ya mbele, skramu huchezwa bila kusukumana. Kumsukuma mtoto ndani kwa sababu ni mnene ni dhambi. Lakini dawa ya hatari hiyo ni mafunzo: shingo iimarishwe polepole, kwanza mmoja kwa mmoja, kisha watatu kwa watatu, kwenye mashine kabla ya watu. Mashine ya skramu ni fremu ya chuma yenye mito, na mafundi wa kuchomelea wa Shimanzi wanatengeneza vitu vigumu kuliko hivyo kila siku. Wapeni mchoro.

Ya tatu ndiyo inayoniuma: kwamba kijana wa miraba minne amezoea kuchekwa. Shuleni anaitwa bonge. Kwenye mpira wa miguu anawekwa golini ili azibe. Raga ndio mchezo pekee unaomwambia kwamba mwili wake ni mali, na sisi tunaoupenda mchezo huo tunamtaka apungue ili aweze kukimbia na wengine.

Jingine ni subira. Winga anaweza kung'ara akiwa na miaka 19. Propu huiva taratibu, kwa sababu ufundi wake unaingia mwilini kwa kupigwa na walio wakubwa kuliko yeye, skramu baada ya skramu. Os du Randt wa Afrika Kusini alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1995, akalitwaa tena 2007, miaka 12 baadaye. Hesabu yake inakwenda kwa miaka, na huwezi kuikata kwa kambi ya wiki mbili kabla ya mashindano.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo na kinawezekana. Klabu na shule za pwani ziwe na ratiba ya kweli ya raga ya wachezaji 15 kwa vijana, mechi za nyumbani na ugenini, Mombasa, Kilifi, Kwale, hata kama Driftwood itabaki kuwa sikukuu yetu. Apatikane kocha mmoja wa skramu, mmoja tu, propu mstaafu kutoka Nairobi, Nakuru au Kampala, alipwe nauli na malazi, azunguke. Na wewe mwalimu wa michezo ambaye una kijana mkubwa, mpole, anayechelewa kwenye mbio za mita 100, mpe namba 1 au namba 3. Halafu mwache hapohapo misimu mitatu, hata mkifungwa.