Msipitilize Morogoro

Panda treni ya SGR ya asubuhi kutoka Dar, kisha angalia mizigo ya wenzako. Begi la kompyuta, koti la suti lililotundikwa kwa uangalifu, bahasha ya kaki. Hao ni wa Dodoma. Wana kikao, wana kesi, wana barua ya wizara isiyojibiwa tangu mwaka juzi. Wa Morogoro nao wanajulikana: mzazi anampelekea mtoto wa chuo cha SUA godoro, kina mama wamefunga khanga za msiba, kijana anawahi shamba la baba yake Mvomero. Mwenye buti za matope kwenye behewa zima huwa ni mimi. Siku moja mzee niliyekaa naye aliziangalia, akaniuliza kama mimi ni bwana shamba.

"Hapana mzee, naenda kutembea tu."

"Kwa nani?"

Nikakosa jibu. Kwa Kiswahili chetu mtu akisema anaenda kutembea, ana mwenyeji. Unatembea kwa shangazi, unatembea kwa rafiki, unatembea ukwe. Nilipomwambia naenda Uluguru, kupanda juu na kushuka, akanyamaza kidogo. "Mlimani. Hakuna mtu unayemfuata?" Hakuna. Akarudi kwenye simu yake, na hadi Morogoro hakunisemesha tena.

Nimeamua kuandika kwa sababu naona treni hii tunaipima kwa kipimo kimoja tu, kwamba Dodoma unafika saa ngapi. Treni zilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000 na safari haikufika saa mbili. Sisi tuliozoea basi tunajua maana yake. Basi lilikuwa saa nne ukijaliwa, na kujaliwa kwenyewe kulitegemea foleni ya Kibaha, mizani, na lori lililolala Chalinze. Kwa mtu wa Dar, Uluguru ulikuwa mlima wa kulala: uombe ruhusa, utafute gesti, ule hela ya wiki. Sasa ni mlima wa kwenda na kurudi siku moja. Hilo ndilo badiliko kubwa ninaloliona mimi, na sijasikia mtu akilihutubia.

Njiani kuna kitu kimoja cha kutazama kabla ya kusinzia, nacho ni Mto Ruvu. Treni inauvuka upesi, ukiinama kufunga kamba ya kiatu umeukosa. Maji yanayotoka bombani Dar, siku yakitoka, sehemu yake kubwa yanatoka kwenye mto huo, na mto wenyewe unaanzia Uluguru. Mimi hupenda kwenda kuona nyumba wanakotoka watu ninaokula nao, na maji nayo naona yana haki hiyohiyo.

Mji wenyewe tunauita mji kasoro bahari, na wenyeji wanalisema jina hilo kwa majivuno kuliko kwa masikitiko. Reli ya kwanza ilifika hapa 1907, enzi za Wajerumani, na stesheni yake ya zamani iko mjini: unashuka, unavuka barabara mbili tatu, uko sokoni. Hii mpya iko Kihonda. Jengo ni zuri, sina ubishi, lakini ukitoka nje mlima unauona ng'ambo ya mji wote, kama mtu anayekupungia mkono kutoka dirisha la ghorofani. Utachukua daladala au bodaboda. Ushauri wangu ni kwamba usimwambie wa bodaboda unaenda mlimani, maana atakuita bosi na bei itapanda kabla yako. Mwambie sokoni.

Na sokoni ushuke kweli. Soko Kuu la Chifu Kingalu siku hizi ni jengo la ghorofa, lilifunguliwa upya 2021, na kwangu matembezi ya Uluguru huanzia humo. Nanunua ndizi, karanga, chupa mbili za maji, halafu napita kwenye mboga. Karoti bado zina udongo mwekundu, njegere, kabichi, vitunguu vya majani, wakati mwingine matunda ambayo Dar tunayaona supamaketi tu, yamefungwa plastiki. Ukiuliza yametoka wapi, muuzaji hataji kijiji. Anainua kidevu kuelekea kusini, kwenye mlima. Basi unajua unakokwenda.

Kutoka mjini barabara inapanda kupita maeneo ya ofisi za serikali, miti mikubwa pembeni, Mto Morogoro unausikia kabla hujauona. Lami inaisha, inaanza njia nyekundu. Ukiwahi, kwenye saa moja au mbili asubuhi, utakutana nao. Wanashuka.

Nataka nimwelezee mmoja. Mama wa makamo, kichwani ngata ya khanga, juu ya ngata tenga la karoti lililojaa hadi majani yananing'inia kwenye masikio. Miguuni kandambili. Njia pale ilikuwa imelowa, mimi na buti zangu za elfu themanini nilikuwa nimeshika majani ya pembeni kama mtoto anayejifunza kutembea. Yeye alikuwa anashuka kwa hatua fupifupi, magoti yamelegea kidogo, unyayo ameuweka upande, shingo haitikisiki. Mkono mmoja alikuwa ameshika simu sikioni. Anazungumza na mnunuzi, anabishana bei, na hajakosea hatua hata moja. Nikajibana pembeni apite.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnapanda kufanya nini?"

"Kutembea tu."

Akamgeukia mwenzake aliyekuwa nyuma, akasema jambo kwa Kiluguru, wakacheka wote wawili na matenga yao, na hakuna karoti iliyoanguka.

Kuna rafiki zangu wanaosema kupanda mlima bila shughuli ni mambo ya Kizungu. Kuna wengine, hasa vijana wa haikingi wanaokuja makundi makundi na fulana za rangi moja, wanaopiga picha tenga la yule mama na kuandika chini yake kuhusu maisha safi ya mlimani. Wote nawapinga, ila hawa wa pili nawapinga zaidi. Tenga ni zito. Mjamzito akizidiwa usiku kule juu, njia ni hiyohiyo. Kijiji kinapopata barabara ya pikipiki watu wanafurahi, na wana sababu, hata kama mpiga picha anaona mandhari yake imeharibika. Tena wa haikingi, kama mnanisoma: ile spika ya muziki iacheni mjini. Kule kuna mbiu za ndege ambazo hazipatikani kwingine duniani, na nyie mnapanda na singeli.

Sitanii kuhusu ndege. Msitu wa juu una ndege mmoja mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, anayeishi Uluguru peke yake. Mimi sijawahi kumwona. Nimepanda mara tisa.

Kabla ya msitu kuna mashamba, na mashamba ya Waluguru yana adabu zake. Ardhi kwa desturi yao inafuata ukoo wa mama, wanauita lukolo, kwa hiyo ukitaka kukatiza shambani usimkimbilie mwanaume wa kwanza unayemwona amekaa. Huenda ni mkwe tu. Na miteremko hiyo ina historia. Miaka ya hamsini serikali ya kikoloni iliwalazimisha wachimbe matuta mlima mzima, kazi ya sulubu kwenye udongo ambao wao ndio walioujua. 1955 wakagoma, ikawa ghasia, na risasi zikapigwa. Mradi ukafa. Nikiwa napanda nahema pale, huwa nawaza kuchimba tuta moja tu kwenye mteremko ule kwa amri ya bwana aliyekaa kivulini, na naelewa kwa nini watu walichoka.

Wengi tunaishia Morning Side. Ni jengo la mawe la enzi za Wajerumani, limechakaa, limekaa mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angejenga. Kutoka mjini ni saa mbili na kitu kwa miguu ya mtu wa ofisini. Upepo unabadilika, jasho linakuwa la baridi, na chini mji wote umejilaza: mabati, minazi michache iliyosahau kwamba bahari haipo, bwawa la Mindu linang'aa upande wa magharibi. Ukitaka kuendelea hadi Bondwa, kwenye minara ya mawasiliano, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hapo unaingia hifadhi ya msitu. Kuna kibali na kuna ada, lipa, na chukua kijana wa hukohuko akuongoze. Ukungu wa Bondwa hauna hodi. Unaona mti, unaona mti, halafu huoni kitu.

Sasa niwaambie siku nilipoonyeshwa cha mtema kuni. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, na mtu mwenye busara huenda Juni hadi Septemba wakati njia imekauka. Mimi nilikuwa na likizo yangu Aprili. Kupanda nilipanda vizuri, tena kwa mbwembwe. Wahenga walishasema kupanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma, na mvua ilinikamata nikiwa nimeanza tu kuteremka. Udongo ule ukilowa ni sabuni. Nilianguka mara ya kwanza nikajifuta. Mara ya pili nikateleza kwa makalio hadi kwenye ua wa mtu, kuku wakatawanyika, na mtoto wa miaka kama mitano akacheka mpaka akakaa chini.

Mwenye ua, mama mmoja, alitoka. Hakucheka, au alishamaliza kucheka ndani. Akanionyesha kigoda barazani, akamtuma mtoto alete maji ya kunawa, na baadaye ikaja bakuli ya magimbi ya kuchemsha na chai ya mchaichai. Mvua ilikaa saa nzima na zaidi. Tukaongea bei ya karoti, mbolea, mwanawe anayefanya kazi ya ulinzi Tabata. Akaniuliza huko Dar naishi karibu na bahari? Nikasema mbali kidogo. Akasema basi siku nyingine ukija, usije na biskuti kama wenzako. Niletee ng'onda, samaki wa kukausha.

Treni ilikuwa imeshaondoka nilipofika Kihonda. Kosa ni langu, ratiba nilikuwa nayo mfukoni. Nikaenda stendi ya Msamvu kutafuta basi, nikapata kiti cha nyuma kabisa, matope yakakaukia mwilini, na Dar nikaingia saa saba usiku. Tangu siku hiyo nina sharti langu: saa nane mchana, popote nilipo, nageuka. Hata kama kilele kiko pale nakiona.

Wanaouliza kama kuna kwingine, kupo. Pugu ni kituo cha kwanza tu ukitoka Dar, na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi hauko mbali, una miti ya pwani ya kale na mapango yaliyochimbwa udongo mweupe, siku hizi yamejaa popo. Ni matembezi ya nusu siku kwa mwenye watoto. Kilosa nako nimeshuka mara moja: mji mdogo mtulivu wenye soko lake na Mto Mkondoa, huohuo uliokuwa unaibeba reli ya zamani kila mafuriko yakija, na milima ya Rubeho imesimama nyuma. Nilitembea kando ya mto hadi jua lilipokuwa kali, nikala wali maharage, nikarudi. Nitaenda tena, lakini treni nyingi za haraka hazisimami vituo hivyo vya kati, na hapo ndipo ninapoomba wapanga ratiba watufikirie. Jumamosi moja tu. Treni ya kawaida, iondoke alfajiri, irudi jioni, isimame kila kituo. Na kibao kimoja pale Kihonda chenye mshale: mlimani huku. Mgeni asitegemee kidevu cha muuza karoti.

Julai nilirudi. Nilipitia soko la samaki la Ferry jana yake, nikanunua ng'onda kilo moja, nikafunga kwenye gazeti, nikafunga kwenye mifuko miwili, nikaweka chini kabisa ya begi. Haikusaidia. Tulipofika Soga behewa zima lilikuwa limeshajua. Kiyoyozi cha treni ile kinagawa harufu kwa haki, hakuna kiti kilichonyimwa. Kaka mmoja mwenye suti alikunja uso akahamia mbele. Dada niliyekaa naye akavuta mtandio puani, akaangalia begi langu, akaangalia buti.

"Unaenda wapi, kaka?"

"Uluguru. Naenda kutembea."

"Kwa nani?"

Nikamweleza: kuna mama mmoja mlimani, nyumba yake ukitoka Morning Side unaikuta kushoto, ina kuku wengi.