Saa ya mfukoni imenipandishia mahari

Najua Side kashamwaga huko kwenye magrupu eti nimepeleka posa Tandika na kengele ya shule mfukoni. Muongo yule. Ilikuwa saa, tena dhahabu, ya kizamani ya Uswisi, ina kronografu na ripita (wenyeji humu ugonjwa wangu mnaujua). Kronografu ni ule mshale wa kupimia muda, bonyeza unaenda, bonyeza unasimama, bonyeza tena unarudi kwenye sifuri. Ripita ni kiswichi cha ubavuni, ukikivuta saa inakugongea muda, ya enzi za kuamka gizani hakuna umeme. Hela ya kuinunua ilitoka wapi tuyaache.

Sasa muoaji huruhusiwi kuongea, umekaa mkekani kama mtuhumiwa, baba mdogo ndo mshenga na kashaanza kulia njaa, "wazee wangu, kijana wetu huyu anaungaunga tu." Mimi mkono mfukoni nampima atalia dakika ngapi. Nataka kusimamisha mshale, kidole kikavuta kiswichi mpaka mwisho.

Na ilikuwa saa saba kasoro dakika moja mchana. Jamani! Muda mbaya kuliko yote, maana inagonga 12 nzima, halafu robo tatu kwa milio miwili miwili, halafu dakika 14, na ikishaanza haizimiki. Ting. Baba mdogo kanyamaza. Ting. Mzee mmoja akasema "zimeni simu bwana", watu wote wakapapasa mifuko, na mimi nikapapasa eti natafuta. Ting. Nikaikalia. Ikawa inalia chini ya paja, watu wananiangalia paja. Ting. Ikabidi niitoe niifunge na leso, ndo jua la dirishani likaipata, dari lote njano, na hata robo hazijaanza.

Kumbe mjomba wa binti ni sonara Kariakoo. Akanyoosha mkono kimya, nikampa inagonga vilevile, akafungua mfuniko. "18K. Na kichwa cha mwanamke hiki hapa, Waswisi walikuwa wanakigonga kwenye dhahabu yao mpaka 1995." Akaipimapima kiganjani weee. "Mshenga, huyu anaungaunga kwa unga gani, wa dhahabu?"

Mahari ikapanda pale pale, pilau sikuionja, baba mdogo mpaka Mbagala hajanisemesha.

Sasa hivi bibie katuma meseji, salamu hamna: "Ile hati ya kiwanja cha Chanika uliyosema iko kwa mama, kesho naenda kuiona."