Memphis walimkosea Hasheem kabla hajavaa jezi

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 26 Juni 2009, daladala nzima ilikuwa inazungumzia kifo cha Michael Jackson. Mimi nilikuwa na habari nyingine kabisa na sikupata wa kumpa. Usiku uleule, kule New York, Memphis Grizzlies walikuwa wamemchukua Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar, akiwa wa pili kwenye drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, siku timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Wa pili! Aliyemtangulia ni Blake Griffin peke yake.

Tangu siku hiyo, ubishi wa kikapu ukimgusa Hasheem lazima uishie kwa James Harden, aliyechukuliwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba, ambao baadaye walikuja kuwa mastaa wakubwa. Mimi ubishi huo siuingii. Ni wa watu waliokwisha kuona matokeo. Harden mwenyewe msimu wa kwanza alikuwa akitokea benchi pale Oklahoma City, na wastani wake haukufika hata pointi 10. Minnesota nao walichagua mara mbili mfululizo, wa tano na wa sita, mara zote mbili wakachukua gadi, mchezesha mpira kama Curry, na mara zote mbili gadi huyo hakuwa Curry. Usiku ule hakuna aliyejua.

Wa kumlinganisha na Hasheem ni Tyreke Evans, aliyekwenda Sacramento akiwa wa nne. Evans alikuwa ametoka kucheza mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Memphis, na chuo hicho mechi zake za nyumbani huzichezea FedExForum, ukumbi uleule wa Grizzlies. Mabosi wa timu hawakuhitaji hata tiketi ya ndege kwenda kumtazama. Mtoto alikuwa sebuleni kwao. Wakamwacha. Msimu wake wa kwanza akapiga wastani wa pointi 20.1, ribaundi (mipira ya kuokota baada ya mtupo kukosa) 5.3 na asisti (pasi za kufungisha) 5.8. Kabla yake, wachezaji wapya waliowahi kufikisha 20, 5 na 5 ni watatu tu: Oscar Robertson, Michael Jordan na LeBron James. Tuzo ya mchezaji bora mpya ikawa yake.

Hasheem? Pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) 1.3. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, ligi ya chini, na hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kushushwa huko.

Ila hesabu hizo zisome pamoja na dakika zake: 13 kwa mechi. Bloku 1.3 kwa dakika 13 ni bloku moja kila dakika 10. Kazi aliyoajiriwa kuifanya aliifanya kila alipopewa nafasi. Na nafasi haikuwepo, kwa sababu Memphis tayari walikuwa na senta, mrefu wa chini ya kikapu, nafasi ileile ya Hasheem. Marc Gasol alikuwa na miaka 24, ndiyo kwanza amemaliza msimu wake wa kwanza akiwa na wastani wa pointi 11.9 na ribaundi 7.4. Sasa mtu aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hujifunzia wapi, kama si uwanjani? Unamchukua kijana anayehitaji dakika kuliko wote, halafu unamweka nyuma ya mtu ambaye huwezi kumtoa.

Wala nisijifanye kwamba dalili hazikuwepo. Tarehe 16 Februari 2009, siku Hasheem anatimiza miaka 22, Connecticut, timu yake ya chuo, wakiwa namba moja Marekani nzima, DeJuan Blair wa Pittsburgh aliwafunga pointi 22 na kuokota ribaundi 23. Blair alikuwa mfupi kwake kwa kama sentimita 20, na bado kuna pahala alimbeba begani akambwaga chini. Niliitazama ile video nikasema ah, bahati mbaya tu. Uzalendo huo.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye kile kiti, ningemchukua Evans. Najua msimu ule wa kwanza ndio uliobaki kuwa bora wake, majeraha yakamla taratibu. Bado ningemchukua, na ningeomba Hasheem ashuke mpaka kwa timu isiyo na senta na yenye subira.

Kuna jambo moja linanitatiza kila nikifika hapa. Februari 2011 Memphis walimpeleka Hasheem Houston, na katika biashara hiyo wakampata Shane Battier. Miezi miwili baadaye, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio, zikiwa zimebaki sekunde 24 hivi, Battier akatupa pointi tatu iliyowapa Grizzlies ushindi wao wa kwanza kabisa wa mtoano tangu timu izaliwe. Blair alikuwa upande wa San Antonio. Hasheem alikuwa Houston, na Houston mwaka ule hawakuingia mtoano.