Mhadhara wa historia mtaani: nani amsahihishe nani?

Mwaka 1845, katika mji wa bandari wa New Bedford huko Massachusetts, jumuiya ya mihadhara iliwanyima watu weusi uanachama. Mwandishi na mwanafalsafa Ralph Waldo Emerson, aliyekuwa akialikwa kuhutubia miji mingi ya Marekani, akakataa kwenda. Charles Sumner, mwanasheria aliyepinga utumwa, naye akakataa. Jumuiya za aina hiyo zilikuwa bado changa: ya kwanza ilianzishwa na Josiah Holbrook mwaka 1826 huko Millbury, jimbo hilohilo, ili mkulima na fundi wapate elimu bila kupitia chuoni. Naanza na kisa hiki kwa sababu swali lake lingali hai. Mlango ukiandikwa "karibuni wote", nani hasa ameketi ndani, na nani ana ruhusa ya kusema?

Siku hizi Marekani ina mabaraza 56 ya majimbo na maeneo yake mengine, yanayokuza historia, fasihi, lugha na falsafa miongoni mwa wananchi. Kwa miongo kadhaa yametegemea sana ruzuku ya National Endowment for the Humanities (NEH), taasisi ya serikali kuu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Katika majimbo mengi utaratibu ni mwepesi: maktaba au ukumbi wa kanisa huchagua msemaji kwenye orodha ya baraza, baraza hulipa ujira wake au sehemu yake kubwa, mwenyeji anatoa viti na kualika watu. Aprili 2025 NEH ilikatiza ruzuku za mabaraza hayo, na swali la zamani likarudi kwa nguvu: kwa nini kodi ya wananchi imlipe mtu azungumze jioni moja mbele ya watu wachache?

Wanaouliza hivyo wana hoja, na tusiwabeze. Anayefanya kazi zamu ya jioni hafiki, wala mzazi mwenye watoto wadogo. Mara nyingi viti hujazwa na wastaafu, walewale waliokuja mara iliyopita. Mada nazo huelekea upande mtamu: mwanzilishi wa mji, nyumba kongwe, siku reli ilipofika. Waliofukuzwa kwenye ardhi hiyo kabla ya reli hawapati jioni yao, maana mwenyeji hataki kuwaudhi majirani. Hoja kwamba wafadhili binafsi wangebeba mzigo huu ndiyo dhaifu kuliko zote. Mfadhili mkubwa huonekana zaidi penye chuo na jumba la makumbusho. Mji mdogo wenye maktaba ya chumba kimoja, yeye hana sababu ya kuufikiria.

Lakini mimi naona mjadala wa fedha unaficha jambo zito zaidi, nalo ni nani anayemfundisha mwenzake ndani ya ukumbi ule.

Chukua habari ya mablanketi ya viraka. Inasimuliwa kwamba nakshi zake zilikuwa alama za siri: watumwa waliokuwa wakitorokea kaskazini waliyaona yameanikwa uani wakajua waelekee wapi. Kitabu cha mwaka 1999 kiliieneza kote, kikitegemea zaidi masimulizi ya mwanamke mmoja aliyeuza mablanketi hayo. Ni habari nzuri mno, na ukumbi huipenda. Ila wanahistoria wa utumwa waliipekua wasipate ushahidi. Katika miaka ya 1930 watu zaidi ya 2,000 waliowahi kuwa watumwa walihojiwa, na mahojiano yao hayataji alama hizo. Hapo mtaalamu anahitajika. Ana deni la kusema ukweli kwa upole mbele ya watu waliokuja kusikia kinyume chake, na akinyamaza ili apigiwe makofi, ujira aliolipwa umepotea bure.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1873 Madison Hemings, aliyezaliwa mtumwa Monticello, shamba la Thomas Jefferson huko Virginia, aliliambia gazeti la Ohio kwamba baba yake ni huyo Jefferson, aliyekuwa Rais wa Marekani, na mama yake ni Sally Hemings, mtumwa wake. Kwa zaidi ya karne moja wanahistoria wengi wa Jefferson walilitupa neno lake, huku wajukuu na vitukuu vya Sally wakiendelea kurithishana habari hiyo nyumbani. Mwaka 1997 Annette Gordon-Reed, mwanasheria na mwanahistoria, alionyesha kwamba ushahidi wa familia ya Hemings ulikuwa umepimwa kwa mizani tofauti na ule wa familia ya Jefferson. Mwaka uliofuata vipimo vya vinasaba viliunganisha uzao wa Eston, mdogo wake Madison, na ukoo wa Jefferson. Mwaka 2000 taasisi inayoitunza Monticello ikakubali kwamba yaelekea sana Jefferson ndiye baba. Waliokosea kwa muda mrefu hivyo walikuwa wasomi wenye nyaraka mikononi, na waliokuwa na habari ya kweli hawakuwahi kuombwa kupanda jukwaani.

Ndiyo maana siwezi kuunga mkono mhadhara ambao msemaji anatumia dakika 50 na watu wanaachiwa 10 za maswali. Ningezigawa nusu kwa nusu. Bibi anayesimama nyuma na kusema "hilo daraja halikujengwa hivyo, baba yangu alikuwepo" huenda amekosea, na huenda amebeba kitu ambacho hakimo katika hifadhi yoyote ya nyaraka. Jioni ile hakuna anayejua. Kinachouma ni kwamba mara nyingi hakuna anayeandika: viti vinakunjwa, taa zinazimwa, maneno yake yanakwenda naye nyumbani.

Kwa hiyo naunga mkono ruzuku hizi, tena kwa moyo wote, ila kwa sharti moja. Baada ya kikao mwenyeji huulizwa watu wangapi walikuja na kama waliridhika. Aulizwe pia: nani alimpinga msemaji, alisema nini, na maneno yake yamehifadhiwa wapi?