Kwetu Hata Windows ni ya Bure

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza jirani yangu hapa Kiel, Ujerumani, nyanya wa miaka 74, hadi ukumbi wa kanisa ambako wazee wastaafu hutengenezea watu vitu: redio, baiskeli, cherehani. Alikuwa amebeba laptopu yake ya mwaka 2014 ndani ya mfuko wa sokoni, uso umemshuka kama anayempeleka ng'ombe mgonjwa kwa daktari. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 alikuwa anasumbuliwa anunue mashine mpya, maana hiyo yake Windows 11 haiikubali. Mzee mmoja akachomeka flashi, akamwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, halafu akaketi naye saa nzima akimwonyesha barua pepe zake ziko wapi, picha za wajukuu ziko wapi, na printa inawashwaje. Neno Linux sidhani kama lilitamkwa mara mbili. Nyanya aliondoka akisema kompyuta yake imepona.

Mimi nilirudi nyumbani nimenuna.

Desemba ya 2024 nilijaribu kazi hiyo hiyo kwenye saiba ya dadangu pale Kondele, Kisumu, nikaaibika. Mashine sita, zote za ex-UK, mitumba ya Uingereza, yaani ndugu wa ile laptopu ya nyanya. Windows zake zilikuwa za fundi. Mnazijua: shilingi mia tano, flashi moja inayozunguka mji mzima, na baada ya muda maandishi yanatokea pembeni ya skrini kukukumbusha kwamba hukulipa. Nikafuta zote. Nikaweka Linux, LibreOffice ya kuandikia badala ya Word, Firefox ya mtandao na VLC ya video, nikamwambia dada kwa majivuno, "Hii ni bure kabisa, milele."

Mteja wa kwanza alikuwa na CV aliyoiandika kwa Word. Ilifunguka imeteleza, picha yake imekalia namba ya simu. Wa pili aliuliza Word iko wapi. Wa tatu alichungulia skrini, hakuketi, akavuka barabara. Kufikia Ijumaa dada alikuwa amemwita fundi na kumlipa elfu tatu.

"Omera," akaniambia, "umeniletea kitu bure."

Hapo Kiswahili chenyewe kilinichapa. Bure ni kisicholipiwa, na bure ni kisichofaa kitu. Wataalamu wetu walitafuta neno bora, wakasema programu huria, na ni neno tamu kwa sababu linashika hoja yenyewe: una ruhusa ya kuifungua programu uone ilivyoundwa, kuibadilisha, kumpa mwenzako. Lakini hebu nenda soko la Kibuye ukauze uhuria.

Huku bei inafanya nusu ya kazi. Jimbo hili la Schleswig-Holstein lilitangaza Aprili 2024 kwamba litahamisha kompyuta zake zipatazo 30,000 kutoka Microsoft Office kwenda LibreOffice, na serikali inayolipia leseni inajua vizuri inachookoa. Kwetu nani analipa leseni? Mshindani wa LibreOffice pale Kondele ni fundi wa mia tano, na fundi anakuja na Word ambayo mwalimu, karani na mwajiri wote wanaijua.

Najua mmeshaanza. "Umekaa Ulaya miaka sita sasa unatuona wezi." Ngojeni kwanza. Chuo nilisoma kwa Windows ya fundi, na mradi wangu wa mwisho niliuandika kwa Word ya fundi. Wala sijasema Wajerumani wana akili kutuzidi. Jiji la Munich liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, likahangaika miaka mingi, na 2017 madiwani wakapiga kura warudi Windows. Hawa hawa mpaka leo wananitumia barua za karatasi kwa mambo ambayo mama mboga wa Kondele angeyamaliza kwa simu akiwa anakatakata sukuma wiki.

Na tusijishushe. Ushahidi, programu ya kukusanya ripoti za wananchi na kuziweka kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwaka 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, wakati ambao mtu wa Kisumu hahitaji kukumbushwa, na ni programu huria iliyotumika nchi nyingi baadaye. Mwenye boda anayekejeli Linux ana Android mfukoni, na kiini cha Android ni kile kile cha Linux alichoanza kukiandika mwanafunzi wa Helsinki mwaka 1991. Hakuna aliyemhubiria. Ilikuja ndani ya simu, ikafanya kazi, basi.

Kinachoniuma ni ile saa moja. Yule mzee wa Kiel ana pensheni, anaweza kuketi na nyanya wa watu bila malipo. Fundi wa Kondele ana kodi ya nyumba, na kila virusi vikirudi yeye anapata mia tano nyingine. Mimi niliacha programu nikapanda ndege. Sikumwachia dada mtu wa kuketi na mteja, na sikumwachia fundi sababu yoyote ya kuipenda Linux. Nilipaswa kumlipa fundi ajifunze. Wengine mtasema, "Basi tuma pesa, wacha insha." Haya, hilo nimelikubali.

Juzi dada amenitumia picha. Mashine mbili amezirudishia Linux mwenyewe, kimyakimya, na juu yake amebandika karatasi: HIZI HAZISUMBULIWI NA VIRUSI. Dakika ni shilingi moja na nusu, zile nyingine ni shilingi moja. Ikoni ya LibreOffice ameibadilisha jina, sasa inaitwa WORD.

Nikamuuliza kuhusu CV zinazoteleza. Akasema anazifungulia kwenye Windows, anazigeuza PDF, na hiyo ni shilingi ishirini zaidi.