Pima 40 Kutoka Wapi?

Anayetafiti mgodi wa zamani wa risasi huko Ireland aanze na ramani. Magazeti ya karne ya 19 na matangazo ya kuuza hisa yasubiri: yaliandikwa na watu waliotaka fedha za wenzao, na kwao kila mwamba ulikuwa umeshiba madini.

Ramani za kwanza za Ordnance Survey, idara ya serikali ya kupima ramani, inchi 6 kwa maili, zilipimwa kati ya 1829 na 1842. Zilinganishe na za 1:2,500 zilizokuja baadaye. Shimo lisiloonekana tena si lazima liwe limefukiwa. Huenda lilifunikwa kwa mbao na udongo, na mbao huoza. Usilikanyage. Nakili jina la kitongoji kwa kila tahajia utakayokutana nayo, maana Kiayalandi kiliandikwa kwa masikio ya Waingereza.

Kosa linaloniudhi zaidi ni la kina. Ripoti ikisema “ngazi ya pima 40”, yaani njia ya mlalo iliyochimbwa ardhini kwenye kina hicho, mtafiti huzidisha kwa mita 1.83, akapata mita 73, akadhani ndiyo kina cha shimo. Sivyo. Kwa kawaida pima zilihesabiwa kuanzia handaki la kutolea maji ubavuni mwa mlima, kwa kuwa juu yake maji yalitiririka yenyewe, na chini yake ilibidi kulipia pampu. Mdomo wa shimo ukiwa mita 50 juu ya handaki, ngazi hiyo iko mita 123 chini ya mdomo. Katika mabonde yenye miteremko mikali kama Glendasan, Wicklow, tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Tani nazo zina mtego. Galena, madini ambamo risasi hupatikana, ikiwa safi ina risasi asilimia 86.6, na makinikia (madini yaliyosagwa na kuchujwa) hayakuwa safi, wala tanuru halikukamua yote. Kwa hiyo tani 100 za makinikia kamwe si tani 100 za risasi. Tani yenyewe ilikuwa ratili 2,240, yaani kilo 1,016.

Ramani za chini ya ardhi ni adimu. Sheria ya migodi ya metali ya 1872 ndiyo iliyodai mchoro ukabidhiwe mgodi unapoachwa, na moto wa 1922 katika Four Courts, majengo ya mahakama ya Dublin palipokuwa na hifadhi ya nyaraka, uliteketeza kumbukumbu nyingi za serikali. Kwa mgodi uliokufa mapema, mimi ningefuata hesabu za mwenye ardhi. Nyaraka nyingi za mashamba makubwa ziko Maktaba ya Taifa ya Ireland. Aliyelipwa mrabaha kwa madini yaliyotoka alikuwa na sababu ya kuhesabu vizuri.